Waliokuja Kuipoza Nyumba

Mtu alikuwa amekiri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

"Nimemuua mimi," dereva alirudia, macho sakafuni. Alikuwa dereva wa lori, pande la mtu, lakini kwenye benchi la chumba cha mahojiano alijikunja kama koti lililoanguka kutoka kwenye msumari. "Andikeni mtakavyo. Baba nimemuua mimi."

"Umemuuaje?"

"Si mmeona wenyewe? Ukuta."

"Uliusukuma?"

Dereva akazidi kujikunja.

"Ulimpiga kwanza na sepetu, halafu ukamwangushia ukuta?"

"Afande, wengine mnawabana mpaka waseme. Mimi nasema bila kubanwa, mnanikatalia. Mnataka nini?"

Koplo, mwanamke mrefu aliyekuwa amesimama mlangoni mikono nyuma, alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Inspekta hakucheka. Aliifunga kalamu yake, akatoka.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kinyozi mstaafu, mzee ambaye nusu ya vichwa vya mtaa ule vilipita mikononi mwake, alikutwa juzi jioni amekufa ndani ya mtaro aliouchimba nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Kona ya nyumba, upande wa jikoni, ilikuwa imemwangukia. Nyumba ilikuwa inauzwa. Asubuhi ya siku ile jirani alimsikia dereva akimfokea babake uani, kisha akasikia lori linaondoka kwa hasira. Sepetu iliyokutwa mtaroni ilikuwa ya lori hilo hilo.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshaimaliza kesi kichwani.

"Maiti unayo, ugomvi unao, na mtu anasema nimeua. Unasubiri nini, ajiandikie na hukumu? Kesho asubuhi anapandishwa kizimbani kwa mauaji."

"Nipe leo, mkuu."

"Chukua leo. Kesho ni yangu."

Ndani ya gari koplo aliuliza, "Afande, kwani humwamini? Mtu kasema kwa mdomo wake."

"Aliyeua atakwambia alivyoua, au atakataa katakata. Huyu hafanyi hata kimoja. Anaing'ang'ania kesi lakini hajui kuieleza. Ana jambo linamla, na si hilo analolisema."

"Na kama hatulipati hilo jambo?"

"Atafungwa. Hakimu gani atamkatalia mtu anayeomba jela?"

Nyumba ilikuwa nzuri kuliko Inspekta alivyotarajia. Vyumba vitatu na sebule, bati la rangi nyekundu iliyopauka, sakafu ya saruji iliyosuguliwa miaka na miaka mpaka ikawa inang'aa kama sahani. Waliitazama kutoka mlangoni, hawakuingia. Walizunguka nyuma kwanza.

Mtaro ulianzia chini ya dirisha la chumba cha kulala, ukafuata ukuta mpaka kwenye kona, au mahali palipokuwa kona. Sasa palikuwa na rundo la matofali, mapande ya plasta na bati lililopinda. Kupitia tundu lile masufuria ya jikoni yalionekana yakiwa bado yamepangwa rafuni, kama vile mwenye nyumba yuko njiani anarudi.

Inspekta alichuchumaa mwanzoni mwa mtaro.

"Koplo, tazama hapa, halafu tazama kule. Unaona nini?"

Koplo aliinama. Mwanzoni shimo lilikuwa limechimbwa kwa adabu. Kingo zilinyooka, udongo ulirundikwa mbali, na mawe ya msingi yalikuwa yamefagiwa. Alama za ufagio zilionekana wazi kwenye udongo wa pembeni. Kutoka hapo kwenda kona adabu iliisha. Udongo ulitupwa hovyo, mwingine ukarudi mtaroni, na shimo likashuka mpaka chini ya mawe yenyewe.

"Mchimbaji ni mmoja," koplo alisema. "Lakini huku hakuwa na haraka. Kule alikuwa nayo."

"Kwa nini mtu anayechimba afagie?"

"Si ili aone vizuri?"

"Ili uone mwenyewe, unafuta kwa kiganja. Ukifagia, unamfagilia mgeni."

Walisogea kwenye kona. Mfereji wa bati uliishia pale pale juu, na maji yote ya paa yalikuwa na desturi ya kumwagika hapo. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, ikakata asubuhi ya msiba. Inspekta alichukua udongo, akaufinya. Ulikaa mkononi kama unga uliokandwa. Alirudi mwanzoni, akachukua mwingine. Huo ulikuwa mkavu, ukamponyoka vidoleni.

"Basi mambo ni hayo," koplo alisema. "Huku chini ya upenu wa bati pakavu, hapakuwa na neno. Kule kona pamelowa. Kachimba mpaka chini ya msingi, nyumba ikakosa pa kukanyaga. Ajali tupu, afande. Twende tukamtoe mtu."

"Tumtoe kwa maneno gani? Yeye anasema kaua. Mkuu atakuuliza mzee alitaka nini huko chini, utamjibu nini? Na kiti hiki?"

Kiti kilikuwa kando ya shimo la mwanzo, kimelielekea. Kiti cha sebuleni, cha mikono ya kuchongwa, chenye mto wa kitambaa cha kufuma. Askari waliofika juzi waliandika kwamba marehemu alikuwa akikitumia kupumzika.

"Suruali ya marehemu uliiona?" Inspekta aliuliza.

"Tope mpaka kiunoni."

"Utazame huo mto."

Koplo aliuinua, akaugeuza. Ulikuwa mweupe, hauna hata alama ya kidole.

"Alikaa mtu mwingine," alisema polepole.

"Mzee alikuwa kinyozi. Maisha yake yote hakuweza kumwona mtu amesimama asimsogezee kiti. Lakini mwanawe hakutolewa kiti. Hao waligombana wamesimama. Na mtu wa kila siku angepewa kigoda cha jikoni. Huyu alitolewa kiti cha sebuleni, akawekwa mbele ya mawe yaliyofagiwa. Alikuja kuonyeshwa."

Mjane alikuwa sebuleni, miguu imevimba, ameiinua juu ya stuli. Ndugu waliokuwa naye walitoka bila kuambiwa.

"Pole sana, mama."

"Ahsante, baba. Mwanangu mmemleta?"

"Bado, mama."

"Basi nichukueni na mimi, maana mimi ndiye niliyemuua mume wangu."

Koplo aliinua macho.

"Msinitazame hivyo. Figo mbovu si zangu? Tungeuza nyumba kwa lipi? Alitaka tukapange karibu na hospitali kubwa, nisirushwe na gari kila ninapokwenda kusafishwa damu. Siku ile mimi nimelala kwenye mashine, yeye huku anachimba. Angechimba kama ningekuwepo? Ningemnyang'anya sepetu."

"Kwa nini alichimba?"

"Ah! Wanunuzi." Mama alilitamka neno kama mtu anayetema kokwa. "Wa kwanza alikuja mwanamume mnene. Kaingia, kasifia rangi, kasifia sakafu. Kazunguka nyuma, kaipiga ile kona ngumi. 'Mzee, kona hii inadidimia. Msingi umechoka.' Akataja bei ya matusi, akaenda zake. Tukamcheka mpaka usiku. Akaja wa pili, mwembamba, ana miwani. Huyo hata sebuleni hakuingia. Moja kwa moja kona. Ngumi. Msingi umechoka. Akaja wa tatu, vilevile. Baada ya wa tatu hatukucheka tena."

"Mzee aliamini?"

"Aliacha kulala chumba cha upande ule. Alikuwa akiamka anaupapasa ukuta, kama mtu anayempima mtoto homa. Mwanangu akamwambia, 'Baba, hao ni wezi.' Baba mtu akamwuliza, 'Wezi watatu wasiojuana?' Ikawa wimbo wa nyumba hii. Msingi, msingi, msingi."

"Hukuwepo walipogombana?"

"Nilikuwa nimeshaondoka alfajiri. Na walichosemezana mwanangu hataki kunieleza. Nimempelekea chakula huko kwenu, ananigeuzia uso."

Inspekta aliomba kuona ndani. Aliufungua na kuufunga mlango wa jikoni uliobaki. Uliteleza kwenye fremu yake bila kukwaruza. Alisukuma kabati la chumba cha kulala akatazama nyuma yake. Alipitisha kidole juu ya kila dirisha. Nyumba inayodidimia hujitangaza yenyewe: milango inakwama, ufa unapanda ukutani ngazi kwa ngazi. Hii haikuwa na ufa hata wa unywele.

"Hao watatu waliletwa na nani, mama?"

"Walijileta, walisema wameona kibao. Dalali wetu ni Funguo. Maskini, naye alisikitika! Akatuambia amebaki na mteja mmoja tu mwenye moyo, atakayeichukua nyumba na ubovu wake. Yule mama wa duka la dawa. Mstaarabu sana. Alikuwa akinipigia simu kuniuliza miguu imeamkaje."

Walipofika kwenye gari koplo alisema, "Afande, kesi nyingine tunamtafuta muuaji mmoja hatumwoni. Hii tunao wawili, na hata mchana hatujala."

"Subiri. Tutapata wa tatu." Inspekta aliwasha gari. "Ufa ungekuwepo, watu watatu wasiojuana wangeweza kuuona. Ufa haupo. Watu watatu hawakosei kosa moja, mahali pamoja, kwa ngumi moja, ila wamefundishwa."

Ofisi ya Funguo ilikuwa meza kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, na viti viwili vya plastiki. Jina alilipata kwa pete kubwa ya funguo za nyumba za watu aliyotembea nayo kiunoni, ikimtangulia kwa kelele kama kengele ya mbuzi.

"Inspekta! Karibu, karibu. Unatafuta kiwanja? Kuna kimoja, ukikiona utamsahau hata shemeji yangu nyumbani kwako."

"Natafuta mwanamume mnene anayepiga kona za nyumba ngumi."

Funguo zilinyamaza.

"Wanene wako wengi, afande."

"Koplo, tuondoke naye. Atatusaidia kuwachambua kituoni."

"Ngojeni, jamani, mbona mna haraka? Mnene ni shemeji yangu. Kaolewa dada yangu huko, hana kazi ya maana."

"Na wa miwani?"

"Anauza vifuniko vya simu hapo pembeni. Miwani tulimwazima."

Koplo aligeuka kutazama barabarani. Mabega yalikuwa yanamcheza.

"Na wa tatu?"

"Mpiga rangi tu. Nilimwokota." Funguo alijipangusa uso. "Afande, ni biashara. Sisi tunaita kupoza nyumba. Mwenye nyumba anakuja na bei ya moto, mnunuzi mfuko wake hauimudu. Nifanyeje? Napeleka watu, wanaipoza. Lazima wote waseme neno moja. Wakisema maneno tofauti, mwenye nyumba atabishana na kila mmoja. Neno moja likimrudia mara ya tatu, haliwi lako tena, linakuwa lake. Hata ukimwambia ulimdanganya, atakukatalia! Nyumba ikishapoa, mnunuzi wa kweli anaingia kwa upole, anamwonea huruma. Wote wanafanya. Haijamuua mt..."

Aliumeza mwisho wa neno. Hakuna aliyemsaidia kulimaliza.

"Juzi mchana ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Upande wa pili wa mji, naonyesha nyumba. Mwenye nyumba alininywesha mpaka chai. Mpigieni."

Koplo alipiga simu, akasogea kando, akarudi akitikisa kichwa kuonyesha kwamba ni kweli.

"Mama wa duka la dawa alijua habari ya kupoza?"

Funguo alitazama funguo zake.

"Msingi alichagua yeye, afande. Mimi nilitaka kusema bati. Akaniambia bati mzee atapanda ngazi alione, choo atakiona, nyaya atamwita fundi. 'Tafuta kitu asichoweza kukiona,' akasema. Nani ameuona msingi wa nyumba yake?"

"Mtu akichimba," Inspekta alisema.

"Nani atachimba, afande?" Funguo aliuliza, sauti imekwisha. "Nani?"

Kwenye duka la dawa walimkuta mwenyewe akimhudumia mama mwenye mtoto mgongoni. Alimweleza namna ya kumpa mtoto dawa, akamweleza tena, na mama alipofika mlangoni akamwita arudi, akaitazama chupa kama si yeye aliyeitoa. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Akamwacha aende. Nyuma yake kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia redio, na watoto wanagombania kalamu.

"Karibuni, afande. Nani mgonjwa?"

"Hakuna. Tunaulizia ile nyumba ya kinyozi."

"Nimesikia. Mungu amrehemu." Alianza kupanga upya maboksi yaliyokuwa yamepangika.

"Ulikuwa unaitaka."

"Nilikuwa naitaka. Sasa basi."

"Basi ya nini? Mjane lazima auze, ugonjwa haumsubiri. Na sasa kona haipo kabisa." Inspekta aliegemea kaunta kama mtu anayepiga soga. "Mnunuzi mwerevu angerudi kesho. Msingi mbovu, ukuta chini, mama wa watu amechanganyikiwa. Atachukua chochote."

"Usiseme hivyo, afande."

"Nasema yatakayotokea. Atakuja mtu atampa bei ya kuni."

"Asikubali!" Boksi lilimponyoka, akaliacha lilipoangukia. "Mwambieni asikubali kabisa. Msingi ule si mbovu. Mawe mazima, saruji imeshika, hakuna hata jiwe lililocheza. Asije akadanganywa mara ya pili."

Redio iliendelea nyuma ya pazia. Inspekta alilingoja lile neno lifike mahali lilikokuwa linakwenda.

"Mawe umeyaona?" aliuliza.

Mwanamke aliinama kuliokota lile boksi.

"Msingi uko chini ya udongo tangu nyumba ijengwe. Mzee aliufukua juzi. Jioni tukafika sisi. Hapo katikati waliouona ni wawili: aliyekufa, na aliyeketi kwenye kiti."

Mwenye duka alizunguka kaunta, akageuza kibao cha mlangoni kionyeshe pamefungwa. Hakurudi nyuma ya kaunta. Alibaki amesimama upande wa wateja.

"Alinipigia simu," alisema. "Alikuwa kama mtoto. 'Njoo, mama, njoo uone kwa macho yako.' Nikaenda. Akanitolea kiti, akakipangusa mwenyewe. Nikaona. Nilijua siku zote kwamba msingi hauna ubovu, lakini kuuona... Nikajua nimekwisha. Bei inarudi juu kule kule, mimi sifiki. Hapa mwenye nyumba ametaka vyumba vyake, mwisho wa mwezi tunatoka. Hao mnaowasikia wote ni wangu."

"Ukamwambia nini mzee?"

"Neno moja tu."

"Lipi?"

"Nilimwambia, 'Hapa pazuri, mzee. Lakini kule kona, walikokusema?'"

Koplo aliacha kuandika.

"Sikutaka achimbe," mwanamke aliendelea haraka. "Nilitaka awe na shaka tu, basi. Shaka kidogo. Akasema, 'Kaa, mama, na kona nakuonyesha sasa hivi.' Nikasema nina duka, nitapita kesho. Akasema kesho ya nini, kazi yenyewe ndogo. Nikiwa bado naaga, alikuwa ameshaingia mtaroni."

"Ukuta ulipoanguka ulikuwa umefika wapi?"

"Mimi niliondoka."

"Nimesikia. Ulikuwa umefika wapi?"

Alitazama pazia, akapunguza sauti.

"Barabarani, mbele ya nyumba. Nilikuwa nimesimama napiga simu kwa Funguo, hapokei. Nikasikia kishindo. Nikajiambia ni lori linamwaga kokoto, kuna watu wanajenga jirani."

"Lori uliliona?"

"Hapakuwa na lori."

"Ukafanya nini?"

"Nikaja kufungua duka. Nikauza dawa mpaka jioni." Alianza kuvua koti lake jeupe, kifungo kimoja kikamshinda, akakiacha. "Msiniambie alikufa papo hapo. Mimi nauza dawa, afande. Mtu akibanwa kifua na udongo, najua anachukua muda gani. Na najua mbio zangu kutoka barabarani mpaka uani zingechukua muda gani. Nimepiga hesabu hiyo kila nikifumba macho. Nifungeni."

"Huyu wa tatu," koplo alisema chini kwa chini, na safari hii hakuwa anatania.

"Kufungwa au kutofungwa si kazi yangu," Inspekta alisema. "Mwendesha mashtaka atatafuta kifungu, akikipata. Wewe mwite mtu akae na watoto, uje utoe maelezo. Kuna mtu ndani kwa ajili ya kimya chako."

"Yule kijana wake?" Alishika mdomo. "Nilisikia amekiri. Nilipolisikia hilo, afande, nilishukuru Mungu."

Koplo alifunga daftari.

Dereva alikuwa kwenye benchi lile lile. Inspekta alikaa karibu naye, si upande wa pili wa meza.

"Sepetu ulimpa wewe."

Dereva akashika ukingo wa benchi.

"Ulikuwa unaondoka, ukaitoa kwenye lori ukampa. Ulimwambia nini wakati unampa?"

"Sikumpa," dereva alisema. "Nilimrushia." Aliutazama mkono wake wa kulia. "Nilikuwa nimechoka. Kila nikija, msingi. Nikila, msingi. Nikamrushia sepetu miguuni. Nikamwambia, 'Chimba basi! Chimba ujizike humo humo, sisi tulale.' Hivyo hivyo, afande. Nilimtamkia babangu kaburi, naye akaingia. Utaniambia sikumuua?"

"Nitakwambia. Ulitoa neno baya, na hilo utalibeba, sina dawa yake. Lakini hakufia kwenye shimo ulilomtumia. Hilo alilimaliza salama, akalifagia, msingi akaukuta mzima. Aliingia kwenye la pili, na la pili alitumwa na mtu mwingine."

Dereva alimgeukia kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Inspekta akamweleza, bila kupunguza wala kuongeza. Kisha alikwenda kwa mkuu wa kituo na karatasi ya kumwachia. Mkuu aliisoma yote, akaisoma tena akitafuta pa kukwama.

"Umeniharibia kesi nzuri," alisema, akatia sahihi.

Koridoni, mwenye duka la dawa alikuwa anangoja zamu yake ya kutoa maelezo. Mjane ndiyo kwanza alikuwa akiingia, anatembea kwa kushika ukuta, mkoba wa nguo safi za mwanawe begani. Alimwona, uso ukafunguka.

"Mama dawa! Na wewe wamekusumbua? Poleni jamani. Miguu hii leo imeniua, sogea nikae."

Mwenye duka alisimama. Inspekta, aliyekuwa anatoka na dereva, angeweza kusema neno hapo. Hakulisema.

"Mama, nilikuwepo," mwanamke alisema. "Siku ile. Mzee aliniita akanionyesha msingi. Ulikuwa mzima, na mimi nilijua tangu mwanzo. Wale watu watatu niliwatuma mimi. Na kona nilimwambia mimi achimbe. Nikasikia ukianguka, nikaenda zangu."

Aliyasema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza kidonge kichungu asikionje. Dereva alipiga hatua. Koplo alimshika mkono, akamkuta hana nguvu za kushikwa.

Mjane hakupiga kelele. Alijishusha kwenye benchi taratibu, goti moja, kisha la pili. Karani mmoja alitoka na faili, akawaona, akarudi alikotoka.

"Aliuona?" mjane aliuliza hatimaye. "Mume wangu. Aliuona kwamba ni mzima?"

"Aliuona, mama."

"Akasema nini?"

"Alicheka."

"Alicheka?"

"Alicheka sana. Akasema, 'Kumbe nyumba ya watu ilikuwa inasingiziwa!'"

Mjane alifumba macho. Midomo ilicheza kidogo, kama anayalinganisha yale maneno na sauti anayoijua. Mume wake hakuwa amecheka ndani ya nyumba ile tangu aje mnunuzi wa tatu.

"Kaa hapa," alisema, akipapasa benchi pembeni yake. "Kusamehewa usiniombe, sina. Kaa uniambie alivyocheka. Wewe ndiye peke yako uliyemwona."

Mwenye duka alikaa.

"Anza," mjane alisema. "Alianza kucheka akiwa ameinama, au ameshasimama?"